Mbolea za virutubishi vidogo kwa mimea ya nishati: udongoni, kwenye majani au kwenye mbegu?

Ukilima alizeti kwa ajili ya bayodizeli, au miwa kwa ajili ya ethanoli, mbolea unayoitia shambani inakudai mara mbili. Inakudai mfukoni, na inakudai katika hesabu ya hewa. Naitrojeni ya viwandani hutengenezwa kwa gesi asilia nyingi, na ikishafika udongoni sehemu yake hugeuka naitrasi oksidi, gesi inayoipasha dunia joto zaidi ya mara 260 kuliko kaboni dayoksidi ya uzito uleule. Kwa hiyo kila kilo ya naitrojeni ambayo mmea haukuitumia inapunguza sababu ya kulima mafuta badala ya kuyachimba.

Mmea hushindwa kutumia naitrojeni kwa sababu nyingi. Ipo moja inayopuuzwa sana: umekosa gramu chache za kitu kingine. Hekta ya mahindi inayotoa tani 8 za punje huhitaji zaidi ya kilo 150 za naitrojeni, ilhali zinki inayohitaji ni gramu mia chache. Gramu hizo zikikosekana, zile kilo 150 hukaa zinasubiri kazi. Kwa mkulima wa nishati, basi, zinki au boroni iliyowekwa mahali pake ni njia ya kupata mafuta zaidi kwa naitrojeni ileile, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kuu ya kuvijali virutubishi vidogo.

Vinavyotambulika ni vinane: chuma, manganizi, zinki, shaba, boroni, molibdeni, klorini na nikeli. Hivyo viwili vya mwisho ni nadra kupungua shambani, kwa hiyo naviacha kando. Kwa vilivyobaki, mkulima ana maamuzi mawili ya kufanya: apitishe wapi, na anunue kwa umbo gani. Maamuzi yote mawili hutegemea udongo wake na kile anachokwenda kukikamua kutoka kwenye mmea.

Kupitisha wapi

Tuanze na udongoni, kwa sababu ndiko mizizi iliko. Kiwango cha kawaida cha zinki ni kilo 5 hadi 10 kwa hekta. Utauliza: kama mmea unachukua gramu mia chache, kilo zote hizi za nini? Udongo nao unashika. Sehemu kubwa hung'ang'ania kwenye chembe za mfinyanzi na mboji, kisha huachiliwa kidogokidogo. Ndiyo maana zinki uliyoweka msimu huu huendelea kuonekana misimu mitatu au zaidi baadaye. Kwa mmea unaokaa shambani miaka mingi, kama miwa au mchikichi, kuandaa shimo au mfereji wa kupandia ni nafasi isiyorudi ya kuiweka zinki karibu na mizizi.

Udhaifu wa njia hii ni udongo wa chokaa. pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hupanda tindikali inapopungua, ikipanda kwa nafasi moja tu, zinki inayoyeyuka kwenye maji ya udongo hupungua karibu mara mia. Chuma hali yake ni mbaya zaidi: ukiiweka feri salfeti, chumvi ya chuma, kwenye udongo wa pH 8, baada ya muda mfupi umeongeza kutu ardhini, basi.

Kupulizia majani ni haraka. Mchanganyiko wa zinki salfeti wa asilimia 0.5 ni gramu 100 kwenye bomba la lita 20. Ukitumia lita 400 kwa hekta, umepeleka kilo 2 za chumvi hiyo, sawa na takriban gramu 420 za zinki halisi. Hazifiki hata moja ya kumi ya kile kiasi cha udongoni, lakini hazipambani na udongo, na ndani ya siku chache jani huonyesha tofauti. Tatizo liko kwenye muda. Mkulima hupulizia baada ya kuona dalili, na dalili ikishaonekana kwa macho, pingili zimeshafupika na mmea umeshapoteza wiki ambazo hazirudi. Tena zinki, chuma na boroni havihami kwa urahisi kutoka jani kongwe kwenda jani changa. Uliyopulizia leo yanawafaa majani yaliyopo leo. Yatakayochipua wiki ijayo yatakuja na njaa yao, na itabidi urudie. Kwenye mboji ya udongoni hubaki akiba ndogo mno ya kile kilichodondoka.

Njia ya tatu ni mbegu: kuzipaka au kuziloweka. Hii ina mvuto kwa sababu hutumia kiasi kidogo sana, na kwa molibdeni haina mpinzani, kwani hekta nzima ya soya inatosheka na gramu 50 hivi. Kwa zinki, hata hivyo, hesabu hukataa. Mbegu za mahindi kilo 25 haziwezi kubeba gramu 300 za zinki bila chumvi hiyo kuunguza kiini. Kuloweka mbegu kwenye maji yenye zinki huzipa mwanzo mzuri, huota kwa pamoja na kwa nguvu, lakini usihesabu kwamba umemaliza kazi ya msimu.

Ukiniuliza, mimi hugawa hivi. Zinki huenda udongoni pale ambapo pH haijapita 7.5, na kupulizia kunabaki kuwa msaada wa dharura. Chuma hakiendi udongoni kabisa katika udongo wa chokaa, isipokuwa kwa umbo maalumu nitakalolitaja. Boroni hugawanywa: kidogo udongoni, kingine kwenye majani kabla ya kuchanua. Molibdeni hukaa na mbegu.

Salfeti, oksidi au keleti

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, maana watu hununua uzito wa mfuko badala ya uzito wa kirutubishi. Zinki salfeti huuzwa kwa sura mbili. Ile ya fuwele zinazong'aa imebeba maji mengi, na zinki yake ni takriban asilimia 21. Ile ya unga mkavu inafika asilimia 33 au zaidi kidogo. Ukitaka kilo 5 za zinki kwa hekta, unahitaji kilo 24 za fuwele au kilo 15 za unga. Mfuko wa fuwele unaweza kuonekana rahisi mpaka upige hesabu hiyo.

Oksidi ya zinki hubeba karibu asilimia 80, hivyo kilo 6 na ushei zinatosha. Lakini haiyeyuki kwenye maji. Inaitegemea tindikali ya udongo iimumunye, na inataka kusagwa laini sana. Kwenye udongo wenye tindikali ni chaguo zuri na hudumu. Kwenye udongo wa chokaa, punje zake hukaa kama changarawe mpaka msimu unaisha.

Keleti ni kirutubishi kilichokumbatiwa na molekuli kubwa ili udongo usikishike. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki la gando la kaa, na picha hiyo inaeleza kazi yake vizuri: kaa ameshika zinki kwenye gando, anaivusha. Zinki ya EDTA, aina moja ya molekuli hizo, hubeba asilimia 14 au pungufu, na kwa kila gramu ya zinki gharama yake huzidi ya salfeti mara kadhaa. Kwa kutawanya shambani kote haina maana. Inafaa kwenye umwagiliaji wa matone na kwenye mchanganyiko wa kupulizia wenye vitu vingi.

Kwa chuma, neno keleti peke yake halitoshi, soma ni keleti gani. Chuma cha EDTA hushikilia mpaka pH 6.5 hivi, kisha gando linaachia. Cha DTPA kinafika karibu 7.5. Cha EDDHA ndicho kinachostahimili hadi 9. Mtu aliyepewa chuma cha EDTA kwa shamba la pH 8 amepewa rangi ya maji. Mmea haupati kitu.

Kuhusu kuchanganya, nina kisa kimoja. Niliwahi kutia zinki salfeti kwenye bomba ambalo tayari lilikuwa na mbolea ya majani yenye fosforasi. Maji yakageuka kama maziwa mepesi. Nikakoroga, nikaona yametulia, nikaingia shambani. Mstari wa pili tu nozeli ikaziba. Nilipoifungua, kichujio kilikuwa kimejaa ute mweupe: zinki na fosforasi vilikuwa vimeungana vikawa unga usioyeyuka. Kwa hiyo sikuwa nimepulizia zinki wala fosforasi. Tangu siku hiyo huchanganya kwanza kwenye chupa ya uwazi, nasubiri robo saa, ndipo nijaze bomba. Keleti ingevumilia mchanganyiko ule vizuri zaidi, na kwa kweli huo ndio ubora wake mkubwa kwenye kupulizia.

Na sasa busta, zile chupa zenye kila kitu. Fungua lebo upige hesabu. Tuseme chupa ina zinki asilimia 1 na unaambiwa utumie lita 2 kwa hekta. Umepeleka gramu 20 za zinki. Linganisha na gramu 420 za mchanganyiko wa salfeti. Kama shamba lako lina upungufu wa kweli, gramu 20 hazitauondoa. Kama halina, hukuzihitaji. Busta huwa na kazi pale ambapo mmea umepata mshtuko mfupi na mizizi haifanyi kazi ipasavyo, kwa mfano maji yalituama. Kama mpango wa msimu mzima, siishauri.

Mmea mmoja baada ya mwingine

Mimea ya nishati haifanani. Kwenye alizeti unauza mafuta ya mbegu, kwenye miwa unauza sukari ya shina, kwenye mabingobingo unauza uzito wote mkavu. Kirutubishi kinachoongeza majani kinaweza kumfurahisha wa tatu na kumhadaa wa kwanza.

*Alizeti na rapa.* Hawa ni wateja wa boroni. Tangu mtafiti Katherine Warington alipoonyesha mwaka 1923, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kwamba mmea hauwezi kukamilisha maisha bila boroni, alizeti imegeuka kuwa kama kipima boroni cha shamba: huonyesha upungufu mapema kuliko mimea mingi. Boroni hufunga kuta za seli pamoja, na chavua huihitaji ili kusukuma mrija wake hadi kwenye yai. Ikikosekana, ua hufunguka na mbegu haitungi.

Nimesimama mbele ya kichwa cha alizeti cha namna hiyo. Kwa mbali kilipendeza, kipana kama sinia. Nilipokisugua kwa kidole gumba, mzunguko wa nje ulikuwa na mbegu nzito nyeusi, kisha kuelekea katikati zikaanza kuwa nyepesi, na katikati kabisa yalikuwa mapepe matupu, maganda yaliyobonyea kwa kucha. Shingo chini ya kichwa ilikuwa na mpasuko wa kahawia unaozunguka. Vichwa kadhaa mstari huohuo vilikuwa vimeshakatika na kulala. Majani yalikuwa ya kijani safi. Mtu anayepima shamba kwa rangi ya majani angelipa alama za juu.

Ugumu wa boroni ni kwamba kati ya upungufu na sumu kuna hatua fupi. Boraksi ina boroni asilimia 11. Ukitaka kilo 1 ya boroni kwa hekta unahitaji kilo 9 za boraksi, ambayo ni pungufu ya gramu moja kwa kila mita ya mraba. Jaribu kumwaga gramu moja sawasawa kwenye mita ya mraba kwa mkono! Pale kiganja kilipozidisha mara tatu, kingo za majani huungua. Kwa hiyo boraksi ichanganywe na mbolea ya kupandia au mchanga mkavu mwingi, isambae, na isigusane na mbegu. Tena angalia kinachofuata kwenye mzunguko wa mazao: maharage huumia kwa boroni ambayo alizeti ingeifurahia.

Kupulizia ni salama zaidi, na kwa alizeti ndiko ninakoelekeza mtu mwenye uamuzi mmoja tu wa kufanya. Gramu 300 hadi 500 za boroni kwa hekta, zikigawanywa mara mbili: mmea ukiwa na majani 8 hadi 10, na tena kitumba kinapoanza kuonekana. Kwa kuwa boroni ya jani kongwe haihami kwenda kichwani, kupulizia mapema sana ni kulisha majani. Kupulizia baada ya ua kufunguka ni kuchelewa. Na msimu wa ukame usitulie kwa sababu tu vipimo vya udongo vilikuwa vizuri. Boroni husafiri na maji, na tabaka la juu likikauka, mizizi haiipati hata kama ipo.

*Mahindi na mtama.* Mahindi ni ya zinki. Dalili ni mistari mipana myeupe au ya manjano pande zote mbili za mshipa wa kati, kwenye majani machanga, na mmea mfupi uliobanana pingili. Zinki inahusika katika kutengeneza homoni ya urefu, ndiyo maana mmea hudumaa namna hiyo. Kipimo cha udongo kinachotumia DTPA ileile ya keleti, kilichochapishwa na watafiti Lindsay na Norvell mwaka 1978, kinaweka mpaka wa miligramu 0.8 za zinki kwa kilo ya udongo. Chini ya hapo, zinki salfeti ya udongoni hulipa. Jihadhari na fosforasi: shamba lililolishwa fosforasi miaka mingi huweza kuonyesha njaa ya zinki ambayo haikuwapo mwanzo. Mara nyingine tiba ya kwanza ni kupunguza mfuko mmoja, kabla ya kuongeza mwingine.

Mtama una adui mwingine. Nafasi yake kwenye nishati ni mtama mtamu, ambao shina lake hukamuliwa kama muwa, na watu huupeleka kwenye udongo mkavu wa chokaa kwa kuwa unavumilia ukame. Nyasi nyingi zina uwezo wa kutoa kwenye mizizi kitu kinachochota chuma, lakini mtama hutoa kidogo kuliko shayiri au ngano. Kwenye udongo huo majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Unaweza kupulizia feri salfeti ya asilimia 0.5 hadi 1, ukarudia kila baada ya siku 10 hivi mara mbili au tatu. Mimi ningetafuta aina inayovumilia zaidi, au ningehamishia mtama kwenye shamba jingine. Kupambana na chokaa kwa bomba ni kazi ya kila mwaka.

*Miwa.* Wakati wa kupanda, zinki kwenye mfereji. Baada ya hapo tatizo linalojitokeza mara nyingi ni umanjano wa maotea: muwa wa kwanza ulikuwa mzuri, umekatwa, machipukizi yanatoka meupemanjano. Mizizi ya zamani inakufa, mipya haijashika, na chuma hakifiki. Machipukizi mengi hujirudia yenyewe mizizi mipya ikishaenea. Kupulizia feri salfeti huyasaidia kuvuka wiki hizo, hasa kwenye udongo wa chokaa. Upande wa mavuno, usihesabu tani za mashina pekee. Pima utamu wa maji kwa refraktomita, kwa sababu muwa uliolishwa ukaendelea kukua hadi siku ya kukatwa huwa na maji mengi na sukari kidogo.

Kuna jambo moja linalonivutia kuhusu ethanoli. Chachu inayogeuza sukari kuwa pombe hufanya hatua ya mwisho kwa kimeng'enya ambacho moyoni mwake kuna zinki. Yaani zinki ileile inayoliinua shina shambani inahitajika tena ndani ya pipa la kuchachushia.

*Soya.* Soya hujitengenezea naitrojeni kupitia vinundu vya mizizi, na kimeng'enya cha vinundu hivyo kimejengwa kwa chuma na molibdeni. Katika hesabu ile ya hewa niliyoanza nayo, hakuna kirutubishi chenye faida kubwa kwa gramu chache kama molibdeni kwenye soya ya udongo wenye tindikali. Sodiamu molibdeti ina asilimia 39, kwa hiyo gramu 50 za molibdeni ni takriban gramu 130 za chumvi hiyo kwa mbegu za hekta nzima. Hata hivyo chumvi hiyo inaweza kuua bakteria wa vinundu kama utavichanganya na kuviacha vikae pamoja. Paka molibdeni kwanza, acha mbegu zikauke, tia bakteria mwisho, panda siku hiyohiyo. Ukiona usumbufu, pulizia mmea ukiwa na majani machache, kabla ya kuchanua. Molibdeni huhama ndani ya mmea, tofauti na boroni.

Mbadala halisi wa kununua molibdeni ni chokaa. Kuinua pH kutoka 5 hadi 6 huifungua molibdeni iliyokuwa imefungwa, na hutuliza sumu ya alumini kwa wakati mmoja. Ukiwa na uwezo wa kuweka chokaa, anza nayo. Ukiizidisha, utafungia zinki na manganizi, na soya huonyesha haraka ukosefu wa manganizi: majani machanga yanapauka, mishipa inabaki ya kijani. Hapo kupulizia manganizi salfeti ni bora kuliko kuiweka udongoni, ambako pH ileile itaifunga.

*Michikichi.* Boroni tena, kwa sura nyingine: ncha za vijani zinajikunja kama ndoano, makuti mapya yanatoka mafupi na yamekunjamana. Gramu 50 hadi 100 za boraksi kwa mti kwa mwaka, kuzunguka shina, ni kiwango cha kawaida kwa miti michanga. Kwenye udongo wa mboji nzito ya kinamasi shida huwa shaba, kwa kuwa mboji huikumbatia na kuinyima mizizi. Makuti ya katikati hugeuka manjano, na hapo shaba salfeti hurudisha rangi.

*Mibono na mbarika.* Mibono kaburi ilitangazwa sana miaka ya 2000 kuwa mti wa mafuta unaostawi kwenye ardhi iliyochoka bila kuhudumiwa. Miradi mingi ilianguka. Kustahimili na kuzaa ni mambo mawili. Mbono huishi kwenye udongo maskini kwa kupunguza maua ya kike na mbegu, na mafuta yako yamo kwenye mbegu. Unahitaji naitrojeni, fosforasi na maji kwanza. Zinki na boroni vinakuja baada ya hayo, na kuvipulizia kwenye mti wenye njaa ya naitrojeni ni kupamba. Mbarika unaitikia vizuri zaidi huduma ya kawaida, na kwake ningefuata utaratibu wa alizeti, nikipima mbegu mwishoni.

*Mabingobingo na nyasi nyingine za kuchoma.* Zina mizizi mirefu, zinachota mbali. Nisingenunua kirutubishi kidogo chochote bila kipimo cha jani kinachoonyesha upungufu. Potasiamu inayoondoka na mzigo kila ukikata ndiyo ya kuangaliwa.

Kujua kama imefanya kazi

Acha ukanda mmoja bila kuuwekea. Mistari minne, katikati ya shamba na siyo pembeni, ikipata kila kitu kingine isipokuwa kile unachokijaribu. Weka vijiti vyenye rangi, maana baada ya miezi mitatu hutakumbuka ulikoishia. Wakati wa mavuno pima uzito wa eneo sawa pande zote mbili, na usiishie kwenye uzito. Tuseme ukanda usiowekewa umetoa kilo 1,500 za mbegu kwa hekta zenye mafuta asilimia 40, na uliowekewa umetoa kilo 1,700 zenye asilimia 38. Wa kwanza ni kilo 600 za mafuta, wa pili 646. Asilimia ilishuka, mafuta yakaongezeka. Mtu aliyeangalia asilimia pekee angeacha mbolea iliyomfaa, na aliyeangalia gunia pekee angedhani faida ni kubwa kuliko ilivyo.

Kama unaweza kulipia kipimo kimoja tu, kwa mazao ya msimu mmoja ningelipia cha udongo kabla ya kupanda, pamoja na pH. Kwa michikichi na miwa ningelipia cha jani, kwa kuwa mmea utakuwapo mwakani na bado una muda wa kuurekebisha. Jani lichukuliwe la umri uleule kwenye kila mmea, lisiwe limepuliziwa karibuni, na lisioshwe kwa maji yaliyopita kwenye bomba la zinki.

Kabla ya kununua tena

Mafuta safi ni kaboni, haidrojeni na oksijeni. Hayana zinki wala boroni. Ukikamua alizeti, karibu virutubishi vyote vilivyotoka udongoni vinabaki kwenye mashudu, na ukichachusha miwa, madini yanabaki kwenye maji machafu ya kiwandani na kwenye jivu la makapi. Mashudu ya alizeti na soya huenda kwa mifugo, basi samadi ya mifugo hiyo irudi shambani kulikotoka. Mashudu ya mibono na ya mbarika yana sumu na hayafai kulishwa mnyama, kwa hiyo mahali pake ni shambani moja kwa moja, yakifukiwa wiki kadhaa kabla ya kupanda ili yaoze, mbali na kuku na mbwa wanaochimbua. Shamba linalorudishiwa mashudu yake kila mwaka huuza kaboni ya hewani tu, na mfuko wa zinki utakaonunua mwaka wa nne utakuwa mdogo kuliko wa mwaka wa kwanza.